Mshono wa Darajani

Debe alipewa jina hilo jeshini, na hakuna aliyemwonea. Aliongea akila, aliongea akikimbia, na wenzake waliapa kwamba aliongea hata akiwa amelala, tena kwa hoja. Wakimwambia debe tupu haliachi kuvuma, yeye huwajibu kwamba debe lisilovuma limetoboka. Siku hizi ana mvi, ana wajukuu, na mguu wake wa kushoto unachechemea kidogo asubuhi kukiwa na baridi. Mdomo ndio ule ule, haujapata pazia.

Kwa hiyo ukiniambia Debe alinyamaza, nitakuuliza kama alikuwa mgonjwa. Lakini alinyamaza kweli, tena akiwa amevaa bukta tu, nyuma ya pazia la duka la watu. Ngoja nianze na suruali, maana yote yalianzia hapo.

Mjukuu wake wa kwanza alikuwa anaolewa. Mkewe alifungua kabati, akaitazama suti ya zamani, akalitazama tumbo la mumewe, akafunga kabati. Debe si mjinga, akaelewa. Kesho yake akaenda kwa Fundi.

Fundi na Debe walikuwa kikosi kimoja wakati wa vita. Fundi ndiye aliyekuwa fundi cherehani wa kikosi: alishona magwanda, mahema, turubai za machela za kubebea majeruhi. Vita vilipokwisha alifungua duka dogo karibu na posta, cherehani moja mlangoni, meza ya kukatia ndani, na pazia la maua kwenye kona ya kupimia. Ni mtu mpole, maneno yake machache, na mikutano ya wastaafu haendi. Ukimwalika atakwambia ana kazi nyingi. Wenzake walisema anaona haya, kwa sababu siku ya pambano la darajani, lile ambalo kila mmoja wao analisimulia mpaka leo kana kwamba alilipigana peke yake, Fundi alikuwa nyuma stoo anabandika viraka. Walimtania kwa hilo miaka nenda miaka rudi. Na aliyemtania kuliko wote, tusimfiche, ni Debe.

Basi Debe akafika, akaongea tangu mlangoni hadi nyuma ya pazia: habari za mkwe mtarajiwa, za bei ya ukumbi, za baridi. Fundi akamwambia avue, maana yeye hapimi suruali juu ya suruali, kipimo kinadanganya. Debe akabaki na bukta. Fundi akapiga magoti taratibu kama wanavyopiga magoti watu wa umri wao, chaki sikioni, futi mkononi, akaanza kupima ndani ya mguu. Bukta ilikuwa imepanda. Pale pajani kulikuwa na kovu.

Kovu lile kila mtu alilijua. Debe alikuwa amelionyesha harusini na matangani, na mara moja benki, kwenye foleni. Lilianzia juu kidogo ya goti likapanda pajani, mshono mpana wa hatua ndefu, kama mdomo wa gunia, na mwishoni palikuwa na alama ndogo ya msalaba. Hadithi yake ilikuwa kwamba tabibu wa kikosi, Mungu amrehemu, alimshona palepale darajani risasi zikipita, kisha yeye mwenyewe akauawa. Hata karatasi za hospitali zilisema hivyo: alishonwa na tabibu wa kikosi. Debe mwenyewe hakukumbuka kitu, alikuwa amezimia. Lakini kila mwaka, siku ya kuwakumbuka mashujaa, alikwenda kwenye kaburi la tabibu na maua, akasimama na kumshukuru kwa sauti, kwa kirefu, na habari za watoto na wajukuu akazitia humo humo.

Fundi alipoliona kovu, futi ilimdondoka. Hakuiokota. Alinyoosha kidole akalifuata kovu lote polepole hadi mwisho, akabonyeza ule msalaba mdogo, vile vile fundi anavyobonyeza pindo kuona kama limekaza.

"Ulishika," akasema, kama anajisemea mwenyewe.

Debe akafungua mdomo kumtania. Mbele yake, ukutani, palikuwa na suruali ya mteja iliyoning'inizwa ndani nje. Kila mshono ulipoishia, Fundi alikuwa ameufunga uzi kwa msalaba mdogo. Mguu wa kulia msalaba, mguu wa kushoto msalaba, mfukoni msalaba. Mwenye macho haambiwi tazama. Debe akaufunga mdomo wake.

Habari yenyewe ilitoka kwa kuvutwa, chai ikapoa na nyingine ikaletwa. Siku ile Fundi alikuwa amemaliza kushona machela zilizochanika, akangoja waje kuzichukua. Hakuja mtu. Milio ilikuwa inasikika toka darajani, na yeye ndiye aliyejua kwamba kule mbele hawana machela nzima hata moja, kwa sababu zote alikuwa nazo yeye. Akazibeba begani, akatoka bila ruhusa. Alipofika alimkuta tabibu ameshakufa, na mkoba wake wa dawa umekwenda na maji. Watu walikuwa wamelala chini damu zinawatoka. Yeye alikuwa na nini? Alikuwa na sindano kubwa ya turubai, uzi uliopakwa nta, na kiberiti. Akaipitisha sindano motoni, akashona. Alishona watatu, akawaburuta kwa machela mmoja mmoja hadi barabarani lilipokuwa lori, kisha akarudi stoo kwake akaketi kwenye cherehani, mikono imejaa damu.

Sajenti wa stoo alipoiona ile mikono alijua. Kuacha kituo chako vita vikiwaka ni kesi. Kumtia mtu sindano wakati wewe si tabibu, ni kesi nyingine juu ya ile. Sajenti alikuwa mtu mwema, akampenda kijana wake, akaandika kwamba fundi cherehani alikuwapo stoo asubuhi hadi jioni. Huko hospitali nako, karani akaona watu wameshonwa, akaandika walishonwa na tabibu, maana nani mwingine anashona watu? Hakuna aliyekusudia baya. Na likabaki hivyo hivyo.

Debe alimkumbatia Fundi hapo hapo, bukta na yote. Alilia, na hakuona aibu. Mama mmoja aliyekuja na gauni lake la kupunguzwa alifunua pazia, akawaona wazee wawili wamekumbatiana, mmoja hana suruali, akalirudisha pazia taratibu akaenda zake.

Tangu siku hiyo Debe alipata kazi. Aliapa kwamba kumbukumbu za Fundi zitarekebishwa na Fundi atapewa nishani ya ushujaa, wapende wasipende. Alikwenda ofisi ya kumbukumbu za wanajeshi, chumba kirefu chenye feni moja inayolalamika na viti vilivyofungwa pamoja ili visiibwe, akapokewa na mama mmoja mwenye cheo cha meja na miwani ya kusomea. Meja alimsikiliza mpaka mwisho, na ukimjua Debe utajua huo nao ni ushujaa. Debe alipofika kwenye kovu akaanza kufungua mkanda.

"Mzee, funga mkanda," Meja akamwambia kwa upole. "Kamati ya nishani ina daktari wake."

Kisha akamweleza mambo yalivyo. Kovu ni ushahidi, na ushahidi wa Debe unapokelewa, lakini yeye alikuwa amezimia. Anahitajika shahidi mwingine. Na kabla ya hayo yote, mwenyewe Fundi lazima aandike na kutia sahihi kwamba siku ile hakuwapo stoo. Aliondoa wasiwasi kuhusu kesi: kwa jambo la kale kama hilo hakuna wa kumshtaki. Ila lipo moja. Maombi ya nishani za vita vile yanafungwa, kamati inakaa mara ya mwisho mwezi ujao, na ikishainuka hairudi. Baada ya hapo Fundi atakuwa alikuwa stoo milele.

Debe alirudi mbio, kadiri mguu ulivyomruhusu. Akamkuta Fundi anatia vifungo kwenye shati, akamtolea karatasi ya kutia sahihi, akammwagia yote. Fundi akakataa.

Debe alidhani ni unyenyekevu, akambembeleza. Akadhani ni woga, akamweleza maneno ya Meja. Alimkumbusha kwamba wema hauozi. Fundi aliendelea kutia vifungo. Mwisho akaiweka sindano chini.

"Niliwashona watatu," akasema. "Wewe ulipona. Yule mpishi wa kikosi, aliyezimia kama wewe, alipona, akafa juzi juzi kwa uzee wake. Wa tatu je?"

Wa tatu alikuwa Tarumbeta, mpiga tarumbeta wa kikosi, kijana mcheshi aliyekuwa ameoa karibuni. Alifia hospitali siku chache baada ya pambano.

"Ile ilikuwa sindano ya turubai, Debe. Nta ya viatu. Nimemshona mtu kwa nta ya viatu, na amekufa. Unataka niende nikavishwe nishani mbele ya mjane wake?"

Kumbe ndiyo sababu haendi mikutanoni. Mjane wa Tarumbeta hukaa safu ya mbele kila mwaka. Debe akainuka. Akaondoka akasahau hata kofia yake.

Nyumbani hakula. Mkewe alipoona sahani imebaki kama ilivyopakuliwa alikaa chini, maana jambo hilo halikuwa limewahi kutokea. Akamsikiliza, kisha akauliza swali moja tu: huyo mjane, mmemwuliza? Debe akasema mambo ya kumuuliza mtu jeraha lake siyo mazuri. Mkewe akamtazama kama anavyolitazama sufuria lililoungua. Akamwambia nyie wanaume mmekaa mnaogopana miaka yote hii, na mwenye msiba hamjamwuliza hata siku moja. Yeye alimfahamu mjane tangu enzi za nyumba za wanajeshi, na alijua anakoishi.

Mjane alikuwa anauza miche. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na safu za vikopo na mifuko ya udongo, michungwa, mipapai, maua, na yeye katikati yake na glavu za mpira na ndoo ya maji. Debe alikuwa amejiandaa kuzunguka mbuyu, lakini mama yule alimtazama machoni akamwambia, shemeji, sema. Akasema. Alipofika kwenye fundi cherehani aliyebeba machela, mjane aliigeuza ndoo juu chini akaikalia. Maji yote yakamwagika miguuni, hakuyaona.

Ikawa Debe ndiye wa kusikiliza. Mjane alimsimulia kwamba alipofika hospitali mumewe alimwambia ameshonwa na fundi, yule yule aliyemshonea gwanda lake. Akamwagiza amtafute amshukuru. Baada ya mazishi alikwenda jeshini kuuliza. Walimpokea vizuri, wakatazama kumbukumbu, wakamwambia kwa heshima zote kwamba darajani hapakuwa na fundi cherehani, fundi alikuwa stoo. Akaamini ni homa iliyokuwa ikizungumza. Ile amri ya mumewe, ya mwisho kabisa, akaishi nayo hajaitimiza.

Hakungoja kesho. Alivua glavu, akajifunga kitambaa, akamwambia Debe atangulie njia.

Fundi alikuwa kwenye cherehani. Alipoinua uso akamwona nani anaingia nyuma ya Debe, alisimama, na gurudumu la cherehani likaendelea kuzunguka peke yake. Alianza kusema shemeji nisamehe. Mjane hakumpa nafasi.

"Ulimshona bega," akamwambia. "Bega lilikauka. Daktari alilisifu mbele yangu. Kilichomchukua ni kipande cha chuma kilichoingia tumboni, kidogo hivi, hata wao hawakukijua mpaka walipompasua. Siyo wewe, shemeji. Haijawahi kuwa wewe."

Fundi akashika ukingo wa meza.

"Ungemwacha pale darajani, mimi ningeletewa jeneza," mjane akaendelea. "Nililetewa mume. Nilimlisha kwa mkono wangu. Nilikuwa na mimba, akaiwekea mkono, akampa mtoto jina kwa mdomo wake mwenyewe. Mwanangu ana jina alilopewa na baba yake, kwa sababu yako. Aliniagiza nikwambie ahsante. Nimechelewa sana, lakini nimefika. Ahsante, shemeji."

Akamshika mikono yote miwili, ile mikono ya chaki ndani ya mikono yenye udongo kuchani. Debe alisimama mlangoni akajifanya anaangalia barabara. Barabara yenyewe hakuiona, ilikuwa imejaa maji.

Fundi akauliza kama Tarumbeta aliumia sana.

"Alikuwa anacheka," mjane akasema. "Alisema ametiwa kiraka kizuri, sasa akipiga tarumbeta upepo hautavuja begani."

Hapo ndipo Fundi alipocheka. Kicheko kilianza kidogo, kikamshinda, kikageuka kilio, kikarudi kicheko. Mjane akamvutia kiti, akaketi naye. Kisha Fundi akasema hiyo karatasi iko wapi. Akajipapasa sikioni akatoa chaki, akataka kutia sahihi kwa chaki, Debe ikabidi ampe kalamu. Mjane akaandika ushahidi wake chini, mistari iliyonyooka kama safu za miche yake, na kesho yake Debe akaipeleka karatasi mwenyewe hadi kwenye meza ya Meja.

Daktari wa kamati alilitazama kovu la Debe kwa miwani na kwa vidole. Alisema kwamba hakuna tabibu aliyefunzwa kumaliza mshono hivi, na kwamba yeye binafsi, hata hivyo, asingeweza kuulaumu. Fundi alikuja na suruali moja toka dukani kama sampuli. Wakaiweka juu ya meza karibu na paja la Debe, wanakamati wakainama wote kwa pamoja kulinganisha, na Debe akasema hajawahi kutazamwa pajani na watu wenye vyeo namna ile. Wakamwomba avae.

Siku ya kuvishwa nishani ukumbi ulikuwa na viti vya plastiki na kipaza sauti kinachopiga mluzi. Wastaafu walifika karibu wote, wengi wao wale waliomtania Fundi kwa viraka, na mmoja mmoja walipita kumshika mkono, wengine hawakuweza kumtazama. Yeye aliwaitikia kwa upole ule ule, akamrekebishia mmoja kola. Debe alikuwa amevaa suruali mpya. Asubuhi hiyo alikuwa amepitia kwenye kaburi la tabibu na maua kama kawaida, maana marehemu alikuwa amesikiliza mengi bila kosa lake, haikuwa haki kumkatia habari njiani. Alimweleza yote na kumshukuru kwa uvumilivu.

Meja alisimama akasoma marekebisho. Hayakuwa marefu. Yalisema kwamba siku ya pambano la darajani fundi cherehani wa kikosi hakuwapo stoo. Alikuwa darajani, na watu watatu walitoka pale hai kwa mikono yake. Aliposema watatu, mjane wa Tarumbeta, safu ya mbele, alitikisa kichwa kukubali. Karibu naye alikaa binti yake, mama mtu mzima, mwenye jina alilopewa na baba yake. Fundi aliwatazama hao wawili muda wote aliokuwa akivishwa, na nishani yenyewe nadhani hata hakuiona.

Kisha wakamwita Debe aseme machache kwa niaba ya wenzake. Ukumbi ukashusha pumzi. Watu wakajiegemeza vizuri, mwingine akatoa peremende mfukoni kwa ajili ya safari ndefu. Mkewe alikuwa amemwonya nyumbani, akamwonya njiani, na sasa alikuwa anamwonya kwa macho. Debe alikuwa na hotuba kichwani, ina mwanzo, ina kati, ina methali. Akashika kipaza sauti. Akamgeukia Fundi, akaiona ile mikono imelala magotini, mikono ya mzee, vidole vimejaa alama za sindano. Akafungua mdomo. Hakikutoka kitu.

Alisimama hivyo. Watu wakaanza kutazamana. Mkewe akainuka nusu kwenye kiti.

Fundi akainama mbele kidogo, na kipaza sauti kikamdaka.

"Debe," akasema, "mara ya mwisho kukuona umenyamaza hivi, nilidhani umekufa."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Debe akacheka nao huku machozi yanamtiririka hadi kwenye kola, akasema neno moja tu, ahsante, akaenda kuketi karibu na Fundi.